Mtoto Ajikunaye Usiku

Tulipokuwa tukifundisha, tulimchapa mtoto mmoja kwa kusinzia na kutotulia kitini. Baadaye mama yake akatueleza kwamba usiku halali, anajikuna matakoni. Tuliona haya.

Hiyo ni minyoo midogo, myeupe kama vipande vya uzi. Jike hufikia milimita 8 hadi 13. Usiku hutoka na kutaga mayai kandokando ya njia ya haja kubwa, na hapo huwasha. Mtoto akijikuna, mayai huingia chini ya kucha, kisha mdomoni. Huwa tayari kuambukiza baada ya saa chache tu, na katika shuka na nguo huweza kuishi wiki 2 hadi 3. Basi tusimlaumu mama wala sukari. Nyumba safi nazo huingiliwa.

Ukitaka kuhakikisha, mmulike kwa tochi saa 2 au 3 baada ya kulala.

Dawa zipo, mebendazoli au albendazoli. Huua minyoo, lakini mayai hubaki, ndiyo maana hurudiwa baada ya wiki 2. Tena wameze wote wa nyumbani siku moja, hata baba asiyewashwa; hapo ndipo wengi hushindwa. Mjamzito na mtoto mchanga wamwone daktari kwanza.

Asubuhi mwogeshe mtoto, mbadilishie chupi, mkate kucha. Shuka zisikung'utwe, zikunjwe taratibu, zifuliwe kwa maji ya moto. Na mikono ioshwe kwa sabuni mara aamkapo, kabla hajagusa kikombe.