Saa Moja Juu ya Paa Kabla ya Kushuka na Kamba

Mwenye jengo akitaka kujua kazi itachukua muda gani, anahesabu vioo. Mimi napanda kwanza kuangalia paa. Kazi yetu ya kusafisha vioo vya maghorofa hapa Dar es Salaam watu huiona ikiwa imeshafika katikati: jamaa ananing'inia ghorofa ya 12, ndoo imefungwa pembeni, na pale chini Posta wapita njia wanamrekodi kwa simu. Kama atafika chini mzima au la, hilo limeshaamuliwa juu, wakati hakuna aliyekuwa anamtazama.

Vijana wengi wananiandikia wakitaka kuingia kwenye kazi hii, na karibu wote wanauliza mambo mawili, bei ya vifaa na malipo ya siku. Leo nitajibu wasiloniuliza. Nitaeleza ninavyofanya kwa mpangilio wa siku yenyewe, na nitakaa sana kwenye paa maana huko ndiko watu wanakopita haraka.

Saa 12 na nusu asubuhi niwe getini. Upepo wa bahari huku kwetu kwa kawaida huwa mpole asubuhi na hupanda mchana, na msimu wa kusi ukikolea, Juni na Julai, kuna siku saa 8 mchana kamba hazishikiki. Usiupime upepo kwa kusimama kwenye maegesho. Panda juu, halafu uangalie hasa nafasi kati ya jengo lako na jirani yake, kwa sababu upepo ukibanwa kati ya majengo mawili marefu unaongeza kasi. Kwa majukwaa yanayoning'inia, kanuni za Marekani zinasimamisha kazi upepo ukizidi maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40. Mtu wa kamba anasukumwa kirahisi kuliko jukwaa lenye watu wawili na ndoo zao, kwa hiyo mimi nasimama mapema kuliko hapo. Nikiona kamba nilizoteremsha hazitulii ukutani, au povu linapeperuka kabla sijalifuta, tunapanda wote, na bosi akitaka kununa anune.

Jua nalo lina ratiba yake. Asubuhi tunafanya upande wa magharibi, mchana upande wa mashariki, tukifuata kivuli. Kioo kilichopigwa jua kinakausha sabuni kabla hujaifuta na kinakurudishia joto usoni, na mtu aliyeishiwa maji mwilini anaanza kukosea vitu vidogo, mfano kufunga karabina bila kukaza skrubu yake. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga nawapangia chini au juu ya paa, au washuke mara moja tu asubuhi na mapema. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa paa.

Jambo la kwanza ni utafungia wapi. Majengo mapya mengine yana nanga za chuma zilizowekwa kwa ajili ya kazi hii. Hizo omba cheti chake na tarehe ya kupimwa mara ya mwisho, kisha uziangalie kwa macho yako, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani haisomi vyeti. Kutu ikishaanza kububujika kwenye shina la boliti, pale inapoingia kwenye zege, hiyo nanga kwangu haipo. Majengo mengi hayana nanga kabisa, na hapo ndipo ubunifu wa hatari unapoanza. Nimekuta watu wamefunga kwenye bomba la maji, kwenye fremu ya kiyoyozi, kwenye mguu wa dishi, kwenye stendi ya simtanki. Simtanki linadanganya wengi: limejaa maji, lita elfu kadhaa, mtu anaona halisogei hata likisukumwa. Lakini uzito ni wa maji, na kamba umeifunga kwenye stendi, ambayo mara nyingi ni vyuma vilivyochomelewa na kuwekwa tu juu ya zege bila kufungwa na kitu. Ukuta mfupi wa ukingoni nao ukiujua umejengwa kwa tofali na kupigwa plasta, usiuamini. Ulijengwa kuzuia watu wasidondoke, haukujengwa kuvutwa.

Ninachotafuta ni sehemu ya mwili wa jengo lenyewe: nguzo ya zege inayotokeza kwenye paa, boriti, au kuta za zege za chumba cha mashine ya lifti. Nazizungushia mkanda au waya wa chuma wa kunyanyulia mizigo, halafu kamba inafungwa hapo. Marekani wanataka nanga ibebe pauni 5,000 kwa kila mtu anayeifungia, zaidi ya tani 2. Kijana mwenye kilo 70 akisikia hivyo anacheka. Anasahau kwamba nanga haipimwi kwa mtu aliyetulia. Mtu akiporomoka mita 2 kisha akasimamishwa ghafla, nguvu inayovuta ile nanga ni mara nyingi ya uzito wake. Ndiyo maana kamba fupi za kuzuia kuanguka zina kifyonza mshtuko, kile kimfuko kilichoshonwa ambacho kinachanika kwa makusudi, ili mwili wako usipokee zaidi ya kilonyutoni 6.

Kamba ni mbili, kila moja na nanga yake. Moja ni ya kazi, ndiyo unayoshukia na kukalia. Ya pili inapita pembeni, na juu yake kuna kifaa kinachokufuata unaposhuka na kuuma kamba ukiporomoka. Zikifungwa kwenye nanga moja una kamba moja yenye mikia miwili. Hili sibishani na mtu. Mteja aliwahi kuniambia mbona wenzako wanashuka na moja na wanamaliza siku mbili mapema. Nikamjibu, "Mzee, wape wao basi," nikakusanya vitu vyangu. Kazi ile niliikosa kweli, na mwezi ule ulikuwa mgumu.

Baada ya kufunga, angalia ukingo. Kamba ikipita kwenye kona ya zege au bati la alumini na wewe unayumba kulia na kushoto kufikia vioo, kila ukiyumba inasuguliwa palepale. Weka kinga. Zipo za kununua, ila kipande cha mpira wa zimamoto uliochakaa, kikipasuliwa kwa urefu na kuvikwa kwenye kamba, kinafanya kazi vizuri sana. Kifunge kwa kamba yake ndogo kisiteleze. Kisha teremsha ncha zote mbili na uhakikishe zimefika chini, na kila ncha iwe na fundo. Hilo fundo ni kwa ajili ya siku utakayokuwa umechoka, unatazama kioo, na kamba inaishia mita 3 juu ya kibaraza.

Ukishamaliza hayo bado hujamaliza paa. Zungumza na mlinzi. Mlango wa kupandia ufungwe na ufunguo awe nao mtu wako atakayebaki juu siku nzima. Paa za mjini zina wageni wengi: fundi kiyoyozi, fundi dishi, watu wa mnara wa simu. Mmoja wao akikuta kamba imemzuia njia ataifungua, na wala hatakuwa na nia mbaya. Antena za simu usisimame mbele yake kwa muda, wala usishukie mbele yake. Meneja wa jengo awasiliane na wenye mnara wazipunguze nguvu au wazizime saa ambayo mko upande huo. Kuna viumbe pia. Kunguru wa Dar akiwa na makinda ukingoni anakushambulia kichwa kweli, kofia ngumu inakusaidia hapo kabla ya jambo lingine lolote. Nyuki ni suala jingine kabisa. Ukiona kundi limejikusanya chini ya kibaraza au kwenye nafasi ya kiyoyozi, upande huo haushukwi mpaka aje mtu wa kuwaondoa, hata kama wametulia. Kwenye kamba huna pa kukimbilia.

Vifaa nitavipitia kwa kifupi kwa sababu kila kifaa kizuri kinakuja na kitabu chake. Mkanda uwe wa mwili mzima, wenye mapaja na mabega. Ule wa kiuno peke yake ukikudaka unaweza kukuumiza mgongo na mbavu, au ukupindue utoke. Pitisha vidole kwenye kila mshono na kila bizimu. Mkanda au kamba iliyowahi kudaka mtu inastaafu siku hiyohiyo, na uikate vipande ili mwenzako asiiokote kesho. Hapa nataka kuweka onyo ambalo silisikii likisemwa vya kutosha. Jengo likiwa jipya, vioo vina madoa ya saruji, na mafundi wengi wanayatoa kwa asidi. Kamba nyingi za kazi yetu ni za nailoni, na nailoni na asidi hazipatani hata kidogo. Kamba iliyorukiwa inaweza kuonekana safi kwa nje huku nyuzi zimekufa. Kazi ya asidi nafanya kwenye jukwaa au siifanyi. Jioni kamba zinasuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zinaanikwa kivulini, si juani.

Kabla mtu hajavuka ukingo, mwenzake anamkagua kwa mkono. Anavuta kila bizimu, anaangalia kila karabina, kisha anasema kwa sauti "sawa". Hata mimi nakaguliwa na mdogo kuliko wote. Mdogo wangu mmoja wa timu alizoea kusema "sawa" akiwa anaangalia simu. Sasa yeye ndiye msumbufu kuliko wote, anavuta mikanda mpaka unalalamika.

Chini kuna vita yake. Mpira wa kufutia maji ukikuponyoka mita 30 juu, unaweza kufika chini kwa mwendo wa gari la barabara kuu, kwa hiyo kila kifaa kina kamba yake mkononi au kwenye mkanda, hata kile kiwembe cha kukwangulia. Tunaweka utepe, koni na mtu wa kusimama. Huyo wa kusimama mchague anayejua kuongea na watu, maana kivuli cha jengo ndiyo ofisi ya bodaboda na mama ntilie. "Kaka, dakika mbili tu nashusha abiria." "Naelewa braza, shushia pale kwenye mti." Ukiweka mkali, utepe utakatwa kabla ya saa 4. Waliomo ndani nao wapate tangazo siku moja kabla wafunge madirisha. Dirisha linalofunguka kwa nje likisukumwa mbele ya goti lako utalikumbuka.

Halafu swali ambalo timu nyingi hazina jibu lake: ukikwama, nani anakutoa? Mtu aliyezimia akaning'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu, damu inabaki miguuni na hali yake inaharibika ndani ya dakika chache. Kusubiri zimamoto wapenye foleni ya mjini si mpango. Aliye juu ya paa lazima awe na kamba ya tatu tayari na awe ameshafanya mazoezi ya kumshusha mwenzake, jengo fupi, bila haraka, mpaka mikono ijue. Kila mkanda uwe na vitanzi vya kukanyagia, ili aliye na fahamu asimame na kupunguza uzito kwenye mapaja. Ila kuokolewa kunaanza na kujifunga, na New York waliona pande zote mbili. Desemba 2007 jukwaa liliachia na ndugu wawili wasafisha vioo walianguka ghorofa 47. Hawakuwa wamejifunga, mmoja alikufa, mwingine akapona kwa namna ambayo hata madaktari walishangaa. Novemba 2014, kwenye jengo la One World Trade Center, waya wa jukwaa ulilegea na likainama karibu wima likiwa na watu wawili usawa wa ghorofa ya 68. Walikuwa wamejifunga. Zimamoto walikata kioo kwa ndani wakawavuta wote wawili.

Na wanaofanya majengo mafupi wasijione wako salama. Kamba fupi ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko, ukijumlisha kamba yenyewe, kifyonza kinavyofunguka, urefu wa mwili wako na nafasi ya ziada, inahitaji zaidi ya mita 6 chini ya nanga. Ukiwa mita 4 juu ya ardhi, utafika chini kabla haijakudaka. Hapo tumia kamba fupi inayokuzuia usifike ukingoni kabisa, au tumia ngazi: kila mita 4 za kupanda, mguu wake utoke mita 1 ukutani, na mtu aishike chini. Au simama chini na utumie mpini mrefu wa kupitisha maji.

Kuhusu mwajiri, angalia mambo mawili kabla hujavaa mkanda wake. Je, eneo la kazi linatambuliwa na OSHA, wanaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na wewe umepelekwa kupimwa afya? Mwenye kifafa au kizunguzungu akijificha anahatarisha timu nzima. La pili, je, anachangia WCF, yaani mfuko wa fidia kwa wafanyakazi? Huo mchango ni wa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako, na akikuambia vinginevyo ujue unaongea na mtu wa namna gani.

Kama unachukua kazi mwenyewe, andika siku za upepo kwenye mkataba. Mimi naandika kwamba siku ambayo msimamizi wa timu amezuia watu wasishuke, mteja analipa nusu ya posho ya siku na tarehe ya kumaliza inasogea kwa siku hiyo. Mwanzoni wanapinga. Waonyeshe kipengele hicho kabla hujataja bei, na bei uitaje ukiwa umeshapanda kuliona paa lao.