Rangi ya tangi inabambuka, nifanyeje?

*Fundi, ninaendesha boda Bungoma, na mara nyingi mizigo hunilaza Kitale. Tangi langu lilipakwa rangi upya, lakini petroli ikimwagika kifunikoni, rangi inalainika na kubambuka. Asubuhi pikipiki huzimika ovyo, na ndani ya kabureta nakuta ungaunga mwekundu. Je, tangi limekufa?*
*Mwendesha boda, Bungoma*

Pole, ndugu yangu. Tangi halijafa, ila lina maradhi mawili.

Anza na kutu, ndiyo huo ungaunga. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku huko huwa na baridi, na hewa iliyo ndani ya tangi lenye mafuta kidogo huacha matone ya maji. Mwaga petroli mbali na moto, jaza siki nyeupe, ilaze usiku kucha. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha upesi, kisha tia mafuta. Osha kabureta, badilisha chujio.

Sasa rangi. Inaelekea lilipakwa ya selulosi, ile ya kukauka haraka. Petroli huilainisha hata ikishakauka. Piga msasa hadi kwenye bati, lipakwe praima, kisha rangi ya 2K inayochanganywa na kigumishi. Iache siku kadhaa kabla ya kuitumia. Mpira wa kifuniko ukipasuka, weka mpya.

Tangi likivuja, mwone fundi mzoefu. Usikubali lichomelewe kabla mvuke wote wa petroli haujatolewa: tangi tupu nalo hulipuka.