Chujio la Maji Linapodondosha Polepole

Chujio la kauri la nyumbani huzuia uchafu na bakteria kwa vitundu vyembamba mno. Wakati wa masika, maji ya Mto Ruvu, yanayolisha mabomba mengi ya Kinondoni, huwa na tope zaidi. Tope likigandamana juu ya kauri, maji hudondoka kwa shida. Hiyo si dalili kwamba chujio limeharibika. Hatari huanza pale mwenye nyumba anapotoboa kauri au kulegeza nati ili maji yateremke upesi. Mhudumu anayempokea mtoto mwenye kuhara aulize pia: chujio lilisafishwa lini, na kwa namna gani?

Nawa mikono, ifungue kauri, isugue taratibu kwa mswaki mpya laini na maji safi, pasipo sabuni. Yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, haifai tena. Maji ya tope yatuame kwanza ndooni. (Chumvi ya visima vya Temeke haiondolewi na kauri, muuzaji asilaumiwe.) Virusi ni vidogo kuliko vitundu hivyo, kwa hiyo maji yaliyochujwa yachemshwe au yatiwe klorini, hasa penye mtoto mchanga au mgonjwa.