Mada ya 9: Programu za Wingu za Kusimamia Maisha ya Bidhaa Viwandani

Mtahiniwa, katika mada hii alama nyingi hupotea kwa sentensi moja: “Ni programu ya kuhifadhi michoro ya kiwanda kwenye intaneti.” Sentensi hiyo si uongo, lakini inaeleza kabati tu. Kuhifadhi faili kwenye intaneti kunaweza kufanywa na yeyote mwenye simu. Mtahini anataka ujue kinachofanya mfumo huu uwe tofauti na kabati. Soma mada yote kwanza, kisha ndipo uende kwenye maswali ya mwisho.

Maana

Programu ya kusimamia maisha ya bidhaa, ambayo viwandani huitwa kwa kifupi PLM, ni mfumo wa kompyuta unaotunza mahali pamoja taarifa zote zinazoeleza bidhaa ni nini: michoro yake, vijenzi vyake, malighafi, vipimo vya ubora, wagavi waliokubaliwa, na kila badiliko lililofanywa tangu bidhaa ilipokuwa wazo hadi inapoacha kutengenezwa na vipuri vyake kuisha. Tukisema ni ya wingu, maana yake programu na taarifa zake zimo katika seva za mtoa huduma, na mtumiaji huzifikia kwa intaneti baada ya kuingiza nenosiri lake.

Usichanganye mambo mawili hapa. Katika Biashara umesoma mzunguko wa maisha ya bidhaa sokoni: kuingia, kukua, kukomaa na kushuka. Huo unahusu mauzo. Maisha ya bidhaa tunayozungumzia hapa ni ya kihandisi: wazo, usanifu, majaribio, uzalishaji, matumizi na matengenezo, kisha kuondolewa. Ukichora mchoro wa mauzo unaopanda na kushuka katika swali la mada hii, utakuwa umejibu swali la somo jingine.

Vilevile, PLM si programu ya hesabu na stoo. Programu ya stoo hukuambia una bolti ngapi na zilinunuliwa kwa bei gani. PLM hukuambia ni bolti ya aina gani inayotakiwa, iingie wapi, na nani aliidhinisha hivyo. Viwanda vingi hutumia zote mbili na kuziunganisha.

Orodha ya vijenzi na udhibiti wa mabadiliko

Chukua dawati unalokalia. Tuseme lina fremu ya bomba la mraba, mbao mbili, bolti nane na rangi. Ukiandika kila kijenzi kwa namba yake, idadi yake, mchoro wake na toleo la mchoro huo, umepata orodha ya vijenzi. Orodha hii ndiyo moyo wa mfumo wote. Mnunuzi huagiza kwa kuifuata, fundi hutengeneza kwa kuifuata, mkaguzi hupima kwa kuifuata, na mteja akitaka kipuri miaka mitano baadaye, hutafutiwa humo humo.

Sasa msanifu anaona bolti za milimita 8 zinalegea, anataka za milimita 10. Badiliko dogo, sivyo? Lakini anayetoboa mbao lazima abadilishe keekee. Mnunuzi lazima asitishe oda ya bolti za zamani. Stoo kuna bolti za milimita 8 ambazo hazijatumika, na lazima mtu aamue zimalizwe kwanza au ziwekwe kando kwa ajili ya matengenezo ya madawati ya zamani. Mmoja wao asipopata habari, asubuhi moja kutakuwa na rundo la mbao zenye matundu yasiyopitisha bolti.

Ndani ya PLM badiliko hilo halipiti kwa mdomo. Msanifu huandika ombi la badiliko na sababu yake. Wanaohusika hulitathmini, mwenye mamlaka huliidhinisha au hulikataa, na likikubaliwa hupangiwa tarehe ya kuanza kutumika. Mchoro wa zamani haufutwi; unabaki katika kumbukumbu ukiwa na alama kwamba umepitwa. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na folda ya faili, ambamo mtu anaweza kuhifadhi mchoro mpya juu ya ule wa zamani na asijulikane ni nani.

Kuna kanuni moja ambayo watahiniwa wengi hawaijui, nayo huwafurahisha watahini. Kijenzi kipya kikiweza kuchukua nafasi ya cha zamani bila kubadilisha kitu kingine chochote, namba hubaki ileile na toleo ndilo hubadilika, kwa mfano kutoka A kwenda B. Kisipoweza, hupewa namba mpya kabisa. Bolti ya milimita 10 haiingii katika tundu la milimita 8, kwa hiyo inapata namba mpya. Kuongeza kipimo kilichosahaulika kwenye mchoro wa fremu ileile ni toleo jipya tu.

Kisa cha kutumia katika insha: waya za A380

Dawati lina vijenzi vya kuhesabika kwa vidole. Ili uone gharama ya taarifa zisizolingana, chukua bidhaa iliyo kinyume chake kabisa. Airbus A380 ndiyo ndege kubwa ya abiria kuliko zote zilizopata kutengenezwa. Ina sitaha mbili, na waya za umeme ndani yake zikinyooshwa hufikia takriban kilomita 530. Vipande vyake vilitengenezwa katika nchi nne: mabawa Broughton nchini Wales, sehemu za kiwiliwili Hamburg nchini Ujerumani na Saint-Nazaire nchini Ufaransa, na sehemu za mkia nchini Uhispania. Kuunganishwa kulifanyika Toulouse, Ufaransa. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 27 Aprili 2005, na kwa nje kila kitu kilionekana sawa.

Ndani hali ilikuwa nyingine. Mafungu ya waya yaliyoandaliwa Hamburg yalipofika Toulouse, mengine yalikuwa mafupi na hayakufika yalikotakiwa kuunganishwa. Wasanifu wa Ujerumani walikuwa wakitumia toleo la 4 la programu ya usanifu ya CATIA, wenzao wa Ufaransa walikuwa wameshahamia toleo la 5, na taarifa hazikuhama vizuri kati ya matoleo hayo mawili. Badiliko lililofanywa upande mmoja halikuonekana sawasawa upande wa pili. Kila timu ilifanya kazi yake kwa uangalifu, lakini juu ya ndege mbili tofauti kidogo.

Juni 2006 kampuni mama, EADS, ilitangaza kwamba ndege zitachelewa. Tarehe 14 ya mwezi huo bei ya hisa zake ilianguka kwa asilimia 26 kwa siku moja. Mwezi uliofuata Noël Forgeard, mmoja wa wakuu wawili wa EADS, na Gustav Humbert, mkuu wa Airbus, walijiuzulu. Novemba 2006 FedEx ilifuta oda yake ya ndege 10 za mizigo za aina hiyo. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines tarehe 15 Oktoba 2007, zaidi ya mwaka mmoja baada ya tarehe iliyoahidiwa mwanzoni.

Ukikitumia kisa hiki, kitumie kwa uangalifu. Airbus haikukosa kompyuta wala wataalamu. Ilikosa rekodi moja inayosomwa na wote kwa namna moja. Ukiandika kwamba “walichora kwa mikono” au “hawakuwa na programu”, utakuwa umekosea na kisa kitakugeuka.

Wingu linaongeza nini

Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa fasili ya huduma za wingu inayotumika hadi leo. Inataja ngazi tatu za huduma: miundombinu, jukwaa na programu. PLM ya wingu huwa katika ngazi ya tatu: kiwanda kinalipia matumizi ya programu, kwa kawaida kwa mwezi au mwaka kulingana na idadi ya watumiaji, na mtoa huduma ndiye anayetunza seva, nakala rudufu na masasisho. Arena, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, ni miongoni mwa za mwanzo za aina hii. Mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya PTC. Siemens na Autodesk nazo huuza za kwao.

Faida inayotajwa na kila mtu ni kutonunua seva. Ni kweli, na kwa kiwanda kidogo ni jambo kubwa, lakini mimi nisingeianza nayo. Faida ya kwanza inatokana na kisa ulichosoma sasa hivi: watumiaji wa huduma moja ya wingu wanatumia programu ileile, kwa hiyo kiwanda hakiwi na tawi moja katika toleo la 4 na jingine katika toleo la 5. Ya pili ni kwamba mgavi aliye mji mwingine anaweza kupewa ruhusa ya kuona mchoro wa kijenzi chake tu, ukiwa katika toleo lililoidhinishwa, badala ya kutumiwa faili kwa baruapepe na kubaki nayo miaka yote.

Upande wa pili nao una uzito. Intaneti ikikatika, kiwanda hakifikii michoro yake. Malipo hayaishi. Siri za biashara zinakaa kwa mtu mwingine, kwa hiyo mkataba lazima useme taarifa ni za nani na zitarudishwaje kiwanda kikihama. Na kuna tatizo ambalo hakuna programu inayolimaliza: mtu anapakua orodha ya vijenzi, anaiweka katika lahajedwali yake, na kuanzia hapo anafanya kazi kwa nakala ambayo haipati mabadiliko. Hoja hii ya mwisho huonyesha kwamba umefikiri.

Swali la mfano

Kiwanda cha pampu za maji kina wasanifu wawili na wagavi katika miji mitatu. Michoro hutumwa kwa baruapepe. Mshauri mkurugenzi kama ahamie PLM ya wingu. (Alama 10)

Jibu dhaifu huanza: “PLM ni nzuri kwa sababu ni ya kisasa, ni ya haraka na ni salama.” Hakuna pampu humo, hakuna wagavi. Linganisha na hili: “Mchoro ukitumwa kwa baruapepe, kila mgavi hubaki na nakala yake. Valvu ikibadilishwa, mgavi ambaye hakusoma ujumbe mpya ataendelea kutengeneza ya zamani, na kiwanda kitapokea valvu zisizoingia katika pampu. Katika PLM wagavi wote husoma toleo lililoidhinishwa.” Mwandishi huyu ameonyesha chanzo, tokeo na tiba kwa sentensi tatu. Aongeze hoja ya gharama, hoja mbili za tahadhari, kisha atoe ushauri ulio wazi. Swali limesema “mshauri”, hivyo jibu lisilofikia “ahamie” au “asihamie” halijakamilika.

Jipime

1. Tofautisha maisha ya bidhaa sokoni na maisha ya bidhaa kihandisi. (Alama 4)

2. Mpini wa jembe umerefushwa kwa sentimita 5 na bado unaingia katika jembe lilelile. Je, upewe namba mpya au toleo jipya? Toa sababu. (Alama 3)

3. “Waya fupi za A380 zilikuwa kosa la mafundi.” Kanusha kauli hii kwa hoja tatu. (Alama 6)

4. Mnunuzi wa kiwanda kinachotumia PLM ya wingu anaagiza vijenzi kwa lahajedwali aliyoipakua miezi mitatu iliyopita. Eleza hasara mbili zinazoweza kutokea na namna ya kuzizuia. (Alama 6)