Saa 72, na mbuzi wasiozima kesi: somo kwa komite za koperativi



Masomo yetu mengi yanaongelea kakao, kahawa na maharagi. Hili linaongelea ubakaji, na haki za mtu aliyebakwa. Kuna watakaouliza hiyo imekuwa lini kazi ya maagronomu. Sisi tunaopita mashambani upande wa Beni, Oicha na Butembo tunaona hivi: maharagi yanataka kupaliliwa juma la pili ao la tatu kisha kupandwa. Kama mama anaogopa njia ya shamba, majani yanamtangulia, na mavuno yamekwisha kupotea hata mvua haijakata. Tangu mauaji yaanze Beni mwezi wa kumi 2014, wamama wengi wameacha mashamba ya mbali na kulima pembeni ya nyumba tu. Kwa hiyo bado tuko katika kilimo.

Tuanze na afya, juu saa hazingoji. Mtu aliyebakwa afike hospitali mbele ya saa 72 kupita, ndiyo kusema siku tatu, na akifika siku ileile ni vizuri zaidi. Ndani ya muda huo munganga anaweza kumpa dawa za kuzuia SIDA. Atazimeza siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku ya tano, lakini kila siku inayopita inapunguza nguvu yake. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa, na chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini. Siku tano zikiisha aende tu, maana kuna vidonda, na kuna moyo unaoumia usiku bila watu kujua. Haya yote ni kwa wanaume na vijana pia. Wao ndio wanaficha zaidi.

Hospitali isidai karatasi ya polisi mbele ya kumtibu. Butembo kuna FEPSI, hospitali iliyozaliwa na kazi ya wamama wenyewe. Bunia kuna Karibuni Wa Mama, ya shirika SOFEPADI. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zikauke, kisha zifungwe ndani ya karatasi, si ndani ya sasheti ya plastiki. Mnajua mbegu iliyofungwa ingali na maji inavyooza. Alama za kwenye nguo zinaoza vilevile, na korti inazihitaji. Kama amekwisha kuoga ao kufua, asibaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Kinachokula zile saa 72 mara nyingi ni pesa ya moto. Hapa koperativi ina kazi. Wengi wenu muko ndani ya AVEC, na kila AVEC ina kisanduku cha solidarite. Kubalianeni mapema kwamba mama akisema "nahitaji kufika hospitali leo", mtunza pesa anatoa, anaandika neno "ugonjwa", basi. Hakuna kuitisha mukutano, hakuna kuuliza ugonjwa gani. Muji mzima ukijua mbele ya munganga, huyo mama hatarudi tena kuomba, na jirani yake aliyeona hatathubutu.

Sasa sheria. Tarehe 20 mwezi wa saba 2006 nchi yetu ilipata sheria mbili juu ya makosa ya ngono, namba 06/018 na 06/019. Mashirika ya wamama yalizidai kwa nguvu, na Katiba ya mwaka uleule, kifungu cha 15, inaamuru viongozi kumaliza jeuri hii. Ubakaji unaleta kifungo cha miaka 5 hadi 20. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, hata mkisema alikubali, kwa sheria amebakwa. Polisi akipokea kesi lazima aijulishe parke ndani ya saa 24. Hukumu inapaswa kutoka katika miezi mitatu. Mwenye kubakwa ana haki ya avoka, na anaweza kuomba kesi isikilizwe milango ikiwa imefungwa. Tuseme ukweli: ile miezi mitatu mara nyingi inapita, na kushinda kesi na kulipwa ni vitu viwili. Lakini mtu anayejua tarehe zake hadanganywi kirahisi.

Halafu kuna mbuzi. Tunajua vile mambo yanaendaga: familia mbili zinakaa, mzee mmoja anasema tusiharibu ujirani, mbuzi wawili wanaletwa, na binti anaambiwa anyamaze, pengine hata aolewe na yule aliyemharibu. Sheria 06/019 imesema wazi kwamba kesi ya namna hii haizimwi kwa kulipa faini ya kupatana. Mbuzi wanaliwa, kesi inabaki. Komite ya koperativi isikubali kukaa kwenye kiti cha kupatanisha katika mambo haya, hata prezida akiwa na heshima ya namna gani kwa chefu wa muji. Kwa ugomvi wa mipaka ya shamba, sawa, kaeni muamue. Kwa hili hapana.

Wale waliotendewa wakati wa vita wana sheria nyingine, ya tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2022, inayohusu kulindwa na kulipwa fidia. Mfuko wake unaitwa FONAREV.

Linalobaki linatugusa sisi wa misaada. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, riposti ilileta kazi nyingi Beni na Butembo: kufua, kupika, kuandika watu. Mwezi wa tisa 2020 waandishi wa habari walitoa ushuhuda wa wamama zaidi ya 50 wa Beni, waliosema waliombwa mwili ili wapewe kazi. Tume ikaundwa, mmoja wa wenyekiti wake wawili alikuwa Mama Julienne Lusenge wa SOFEPADI. Ripoti ya mwezi wa tisa 2021 ilihesabu washitakiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS. Watu waliokuja kuokoa maisha! Wamama hao wangenyamaza, tungeendelea kuwapigia makofi.

Sheria 06/018 inalijua jambo hilo pia: mwenye mamlaka anayemsumbua mtu ili apate mwili wake anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12, na kesi inaanza kwa lalamiko la aliyesumbuliwa. Mamlaka si lazima yawe bunduki. Anayeshika mizani ya kakao kwenye depo ana mamlaka. Anayeandika liste ya mbegu ana mamlaka, na huyo ni sisi.

Mbele ya ugawaji unaokuja, kila komite ichague mama mmoja wa kupokea malalamiko, asiwe bibi ya prezida wala ya mwenye depo. Liste ibandikwe mlangoni siku tatu mbele, kila mtu asome jina lake na kilo zake. Mbegu hizi ni za bure. Agronomu akiwaomba kitu, chochote kile, hata kama ni mmoja wetu, mwambieni huyo mama jina lake.