Dakika Mbili za Daktari, Wiki Nne Zako: Vidokezo vya Kupona Baada ya Kuchomwa Utando wa Kizazi

Muuguzi alinipa moyo kwamba shughuli yenyewe haifiki hata dakika mbili, na hakusema uongo. Kifaa cha mawimbi ya redio huchoma utando wa ndani wa kizazi, ule unaobomoka na kutoka kila mwezi kama hedhi, kwa dakika moja na nusu hivi. Hapapasuliwi tumbo wala hapashonwi kitu. Kila kitu hupitia ukeni, na jioni uko kwako. Basi kwa kuwa jambo ni fupi, kila mtu hudhani na kupona kwake ni kufupi. Kesho yake tu watoto wanauliza chapati ziko wapi. Mimi nilifanyiwa nikiwa na miaka 44, baada ya miaka mitatu ya kulalia leso mbili mbili na kuamka usiku kukagua shuka. Haya ndiyo ningependa mtu angenieleza kabla sijapanda kile kitanda.

1. Amua mapema utawaambia watu nini

Kwetu Mombasa mwanamke akionekana anatoka hospitali ameshika tumbo, majina ni mawili: "katolewa kizazi" au "kasafishwa", na hilo la pili huja na minong'ono yake. Wewe si huyo wala si yule. Kizazi chako kipo pale pale, na ovari bado zinatoa homoni zake kama kawaida, kwa hiyo huzeeki kwa usiku mmoja. Nilimwambia mamamkwe wangu waziwazi: "Mama, wamenichoma pale damu inapotokea." Akanyamaza kidogo, akauliza kama wakati wake hilo lilikuwepo. Halikuwepo. Hata baluni ya maji moto, njia nyingine ya kazi hii hii, iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 tu, na yeye alikwishakoma hedhi kitambo.

2. Usirudi nyumbani kwa bodaboda

Tafuta gari na mtu wa kukushika mkono. Kama ulilazwa usingizi, kwa saa 24 usiendeshe gari, usipike peke yako kwenye moto mkali, wala usikubaliane na mtu mambo ya pesa. Kichefuchefu cha siku ya kwanza ni cha dawa ya usingizi, na kwenda kukojoa kila mara siku hiyo pia ni jambo la kawaida.

3. Meza dawa ya maumivu kabla maumivu hayajapamba moto

Tumbo hubana kama siku ya kwanza ya hedhi mbaya. Saa chache za mwanzo ndizo kali, kisha hutulia siku moja au mbili. Kwa maumivu ya namna hii ibuprofeni mara nyingi hufaa kuliko parasetamoli peke yake, kwa sababu hupunguza kemikali zile zile zinazokifanya kizazi kijikaze. Imeze ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au shida ya figo asiiguse kabla ya kumwuliza daktari. Mimi nilijifanya shujaa hadi saa nne za usiku, nikajuta.

4. Jiandae kwa maji

Hapa ndipo wengi hushtuka. Unatarajia damu, unaletewa maji. Siku mbili tatu za kwanza yanatoka mengi, ya rangi ya waridi, kama maji uliyooshea nyama. Ndani mna kidonda cha moto, na kidonda cha moto hutoa majimaji, hata kile cha mkononi ulichopata kwa mafuta ya sambusa. Rangi hufifia polepole, mara hudhurungi, mara manjano hafifu, na inaweza kuchukua wiki mbili hadi nne kukauka kabisa. Siku ya tisa nilidhani nimemaliza, nikavaa dera jeupe kwenda arusini. Sitaeleza zaidi.

Nunua pedi nene za usiku, pakiti tatu au nne, kabla ya siku yenyewe. Badilisha mara kwa mara hata kama haijajaa, maana unyevu wa muda mrefu katika joto letu huleta vipele na muwasho. Nje jisafishe kwa maji ya kawaida. Sabuni za manukato zingoje.

5. Kusiingie kitu chochote

Si tamponi, si kikombe cha hedhi, si kidole, si mume. Madaktari wengi hutaja wiki moja hadi mbili. Fuata muda uliopewa wewe, si aliopewa jirani. Mwambie mume mapema na kwa jina la daktari. Amri ya daktari haina mjadala kama ya mke.

Lakini kwa wanawake wa pwani hatari kubwa zaidi naiona kwingine. Ni ule wema wa mashangazi. Atakuja mmoja na majani ya kujifukiza, mwingine na beseni la maji moto yenye chumvi la kukalia, wa tatu atasema hilo ni chango tu na kwamba anamjua mkandaji hodari wa Kisauni. Washukuru wote, uwape chai. Kidonda kilichoko ndani hakitaki mvuke, hakitaki kuoshwa kwa vidole, na tumbo halitaki kukandwa. Mlango wa kizazi umetoka kufunguliwa, na chochote unachopeleka huko kinaweza kupandisha vijidudu hadi juu. Kinachoruhusiwa ni chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa leso, juu ya tumbo, na bafu la kumwagia.

6. Kwa wanaoswali

Swali la kama majimaji yale ni hedhi au la litakujia siku ya kwanza tu, hasa ikiwa Ramadhani iko karibu. Sitajifanya mufti. Ila unapomwuliza ustadhi au ustadha wako, mpe maelezo kamili: kwamba ni jeraha linalopona, limeanza siku fulani baada ya matibabu, na rangi yake ni hii. Nusu ya majibu mabaya hutokana na swali lililoulizwa kwa haya.

7. Zijue dalili za kurudi hospitali

Maumivu yanatakiwa kupungua kila siku. Yakigeuka na kupanda, hasa tumbo likijaa na kuwa gumu, au ukaanza kutapika, usingoje asubuhi. Mara chache sana kizazi hutoboka au joto hufika kwenye utumbo, na hilo ni la dharura. Rudi pia ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, majimaji yakianza kunuka vibaya, damu ikijaza pedi nzima ndani ya saa moja, au mkojo ukikataa kutoka. Ukifika mapokezi usiseme tu "tumbo linauma". Sema ulichofanyiwa na tarehe yake.

8. Usihukumu matokeo kabla ya miezi mitatu

Hedhi yangu ya kwanza baada ya hapo ilikuja nzito kiasi cha kunifanya nilie, nikiona pesa zangu zimekwenda na maji. Ya tatu ilimalizwa na pedi nne. Wengi hupunguziwa damu, baadhi hawaioni tena, na wachache hurudi pale walipokuwa. Kadiri ulivyo mdogo kwa umri, hasa chini ya miaka 45, ndivyo uwezekano wa damu kurejea baadaye unavyoongezeka, kwa sababu hedhi bado ina miaka mingi mbele yake. Ukiona huna damu lakini kila mwezi tumbo linauma siku zile zile, mweleze daktari: damu inaweza kuwa imenaswa nyuma ya kovu. Waliofungwa mirija kabla wasikilize zaidi hapa, maana huweza kupata maumivu ya aina hiyo kandokando ya tumbo.

9. Hii si dawa ya kuzuia mimba

Ningekuwa na kipaza sauti ningekisemea hiki kimoja. Kuchomwa utando hakufungi kizazi. Yai bado linatoka, na mimba inaweza kutunga, ila ndani pameungua: mimba hiyo inaweza kuharibika, kutunga nje ya kizazi, au kondo la nyuma kung'ang'ania ukutani na kukuletea damu nyingi ya hatari wakati wa kujifungua. Na mwanamke asiyeona hedhi atajuaje kwamba imekosekana? Kwa hiyo sindano, vijiti, kufunga mirija, au mume akafungwe yake. Chagueni na mwendelee hadi ukomo wa hedhi uthibitishwe. Nilipotaja hilo la mume kufungwa, wangu alitoka nje kuangalia gari.

10. Jaza tangi

Damu yangu ilikuwa saba na pointi kidogo. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kuzuia uvujaji hakurudishi kilichokwisha kuvuja. Ndiyo maana unaweza kuwa umepona kizazi na bado ukahema ukipanda ngazi za ghorofa ya pili. Vidonge vya madini ya chuma huendelea kwa miezi, kwa kawaida kama mitatu zaidi hata baada ya kipimo kurudi sawa. Vimeze kwa maji ya chungwa au ukwaju, na chai ya maziwa isubiri saa moja au mbili, kwa kuwa chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kitakuwa cheusi. Ni chuma hicho. Maini, kunde na mchicha navyo visikose sahani.

11. Itunze karatasi yako

Miaka kumi ijayo daktari mwingine atataka kujua. Ukishakoma hedhi kisha ukaona damu, hata tone, ni lazima upimwe, na atakayekupima ajue kuna kovu ndani. Ukiandikiwa homoni za ukomo wa hedhi, mwambie pia, kwa sababu vipande vya utando huweza kubaki na huhitaji projesteroni ya kuvilinda. Yangu nimeiweka kwenye ile bahasha ya kaki yenye kadi za kliniki za watoto, kwenye droo ya juu, na binti yangu mkubwa anajua ilipo.