Kuoanisha Kikuza Sauti na Spika za Gari

Basi dogo la abiria linaloondoka Moshi kwenda Marangu kupitia Himo huanza safari katika joto la tambarare na kuimaliza katika ubaridi wa migomba na mikahawa. Muziki wake husikika tangu kituoni. Aghalabu basi la namna hiyo lilitoka kiwandani likiwa na spika mbili tu. Nyingine huongezwa na fundi kwa matakwa ya mwenye gari. Ajabu ni kwamba kila spika inapoongezwa pasipo hesabu, kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya, husogea karibu zaidi na kuungua, ingawa chenyewe ni kizima na spika zote ni nzima.

Sababu yake ni ukinzani. Spika nyingi za magari zina ukinzani wa omu 4. Zikiungwa mbili kwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umeme hupata njia mbili badala ya moja, na ukinzani wa jumla hushuka hadi omu 2. Zikiungwa nne kwa namna hiyo, ukinzani huwa omu 1. Kwa volti zile zile, mkondo unaotakiwa umekuwa mara nne. Transista za kikuza sauti hazina budi kuupitisha mkondo huo wote, na sehemu kubwa ya nguvu hubaki ndani yake kama joto. Kikuza sauti kilichoundwa kwa omu 4 hapo hujizima, kama kina kinga; kama hakina, huungua.

Si lazima spika hizo nne ziondolewe. Mbili zikiungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, hutoa omu 8. Na jozi mbili za jinsi hiyo zikiungwa kwa sambamba hutoa omu 4, kama vile ilikuwa spika moja. Kila spika itapata robo ya nguvu, mradi zote ziwe za aina moja. Fundi anayepima spika ya omu 4 kwa mita asishtuke akisoma omu 3 na kitu: mita hupima waya wa koili peke yake kwa mkondo mnyoofu, na si ukinzani wote unaojitokeza spika inapopiga muziki.

Wanunuzi wengi huacha omu na kutazama wati. Redio ndogo ya gari huandikwa usoni kuwa hutoa wati 50 kwa kila spika. Yafaa hesabu hiyo ifanywe. Injini ikiwaka, umeme wa gari dogo huwa karibu volti 14. Redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti haiwezi kuisukuma spika kupita volti hizo 14 za kilele, hata ikiziendesha ncha zote mbili za spika kwa kupokezana. Kipeo cha 14 ni 196. Kikigawanywa kwa 8, yaani mara mbili ya omu 4, jibu ni wati 24 na nusu. Ukitoa upotevu ndani ya transista, hubaki wati 20 au pungufu. Zile 50 hupatikana tu kwa wimbi lililokatwa vilele hadi likawa la mraba, na wimbi hilo si muziki tena.

Redio ya aina hiyo ina sharti jingine. Kwa kuwa ncha zote mbili za spika zinaendeshwa, hakuna iliyo hasi ya kweli. Desturi ya magari ya zamani ya kufunga waya mmoja wa spika kwenye bodi ya gari huweza kuiunguza.

Kukata vilele ndiko kunakoua spika ndogo za sauti nyembamba. Wengi hudhani huuawa na kikuza sauti kikubwa mno, kumbe mara nyingi ni kidogo kilichofunguliwa hadi mwisho: wimbi lililokatwa huzaa sauti nyingi za juu, nazo huiangukia spika iliyo dhaifu kuliko zote. Dawa ni kupunguza sauti mara inapoanza kukwaruza. Tena sikio halihesabu kama mita. Ili mtu aone sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajika takriban mara kumi ya wati. Kutoka wati 20 hadi 40 ni badiliko dogo tu.

Waya nao hutoza ushuru. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa karibu omu 0.017 kwa mita. Spika iliyo mita 5 nyuma ya basi huhitaji mita 10, kwenda na kurudi, yaani omu 0.17. Kwa mzigo wa omu 4 hilo ni jambo dogo. Kwa omu 1, karibu sehemu moja ya saba ya nguvu huishia njiani.

Haifai kuusingizia mlima. Kutoka Moshi hadi Marangu hewa hupungua uzito kwa asilimia chache tu, na ubaridi wa juu hufidia. Vumbi lililoganda juu ya mabamba ya kupozea hudhuru zaidi, na vivyo hivyo kukifungia kikuza sauti chini ya zulia.

Palipo na hatari kubwa ni kwenye betri. Kikuza sauti kinachotoa wati 100 za kweli huweza kuvuta ampea 13. Muziki ukipigwa kituoni injini ikiwa imezimwa, betri hudhoofika, na asubuhi ya Julai huko Marangu, wakati baridi imeipunguzia nguvu zaidi, abiria hulazimika kusukuma. Waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, si karibu na kikuza sauti. Waya ukichubuka katikati na kugusa chuma, fyuzi iliyo mwisho wa safari haiuoni mkondo huo, na kinachoungua huwa ni waya, kisha viti.